Maksai Aliyefungwa Kwenye Ethi

Vijana wangu wa ofisi ya umeme, mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijazisahau. Nimecheka, maana mnaoniomba ni nyinyi nyinyi mliokuwa mkijifanya mnatafuta ngazi kila nikianza kusimulia. Haya, nimekaa. Vyeo sitavitaja, vilikuja kwa kuchelewa na mnavijua. Mshahara nao sitautaja, maana haukuwahi kukaa kwangu muda wa kutosha tukazoeana. Nitaandika juu ya soketi za gereji na karakana, na kile kidude kinachozilinda. Kidude hicho kilinipatia jina baya kutoka Dongobesh hadi Gitting, na nakishukuru kuliko kitu chochote nilichowahi kukifunga ukutani.

Nilifika Mbulu nikitokea Tabora, na cheti changu cha ufundi sanifu na sweta moja jepesi. Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umekaa hadi mlangoni mwa ofisi, nami nilikuwa nimejifunga kanga mbili juu ya sweta. Nilikabidhiwa kwa fundi mkuu, Mzee Margwe, mtu mrefu, mkimya, aliyezaliwa huko huko milimani. Alinitazama na kanga zangu akasema, "Karibu. Hapa bado hakujawa baridi." Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa na tabia hiyo.

Siku ile ile alinichukua kukagua duka moja lenye karakana ya useremala kwa nyuma. Mimi, kwa kutaka kuonyesha kwamba chuoni sikwenda kulala, nikaingia moja kwa moja hadi kwenye meini swichi nikaizima. Randa ikanyamaza. Ndani kulikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, na giza likamkuta hapo. Mzee Margwe hakunigombeza. Aliwasha umeme, akanishika mkono kama mtoto, akanitoa nje, akafunga mlango. Kisha akabisha hodi, tukaingia upya.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba. Na huyo uliye naye?"

"Shikamoo, bibi," nikasema, uso unanichoma.

"Marahaba, mwanangu. Sasa zima."

Njiani nikamwomba radhi. Akaniambia, "Watu wa hapa wakikuamkia na wewe ukawaamkia, hata ukiwakatia umeme watakaa wakusikilize. Usizime umeme wa mtu hamjasalimiana." Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la umeme Mbulu. Katika vitabu vya chuo halikuwamo, na mpaka leo sijaona somo lililonifaa zaidi.

La pili lilikuwa la udongo. Kila tulikokwenda kukagua, kabla hajatoa kifaa chochote, Mzee Margwe aliinama pale ilipochimbiwa fimbo ya ethi, ile ya shaba inayopeleka ardhini umeme unaovuja, akachota udongo, akaufinya. Ukishikana anatikisa kichwa juu na chini. Ukimwagika kati ya vidole anaguna. Baadaye ndipo tulipotoa mashine ya kupimia ethi, na mara nyingi mashine ilimuunga mkono. Yeye mwenyewe aliipenda sana ile mashine, aliifunga kwa blanketi kwenye gari vizuri kuliko alivyojifunga mwenyewe, na alikuwa haamini mkono wake mpaka mashine iseme. Mkono, alisema, ni wa kujua mashine iulizwe nini.

Sasa kidude chenyewe. Nyinyi mnakijua, lakini huenda haya yatasomwa na mwenye gereji mmoja, nami simwachi hivi hivi. Breka ya kawaida inalinda nyaya. Umeme ukizidi inakata, nyumba isiungue. Wewe binadamu, umeme unaotosha kukuua ni mdogo mno, breka ya kawaida hauisumbui hata kidogo. Inakutazama unakufa, nayo iko kazini, haijakosea kitu. Ndiyo maana ikawekwa RCD, ile breka pana yenye kitufe kidogo cha herufi T. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukipungua hata kidogo, maana yake kuna mahali umepotelea, labda kwenye bati, labda kwenye mwili wa mtu, na RCD inakata papo hapo bila kuuliza.

Na mahali pa kwanza inapotakiwa ni kwenye soketi za gereji na karakana. Huko mtu anashika chuma kwa mikono miwili, anasimama kwenye sakafu ya udongo, waya wa mashine unakanyagwa, unavutwa, unapita juu ya mabati yenye ncha. Sebuleni waya wa redio unazeeka kwa heshima. Gereji unapigwa kila siku.

Basi nikaanza kudai RCD kila gereji, na watu wakaanza kunichukia kila gereji. Nilikuwa nikifika sipitishi kazi mpaka nimebonyeza T na umeme umekatika. Wakanibandika jina: Mama Zima. Watoto wa Dongobesh wakiliona gari letu walikimbia mbele wakipiga kelele, "Mama Zima! Mama Zima anakuja!" na mafundi wakapata muda wa kuficha nyaya zao mbovu. Nilijaribu kubadilisha njia ya kuingilia. Watoto nao wakabadilisha.

Hoja kubwa ya wenye gereji ilikuwa moja: ethi ninayo, RCD ya nini? Jibu nililipatia Yaeda Chini, kwenye mashine ya kusaga. Huko bondeni udongo ni mkavu, wakati mwingine vumbi tupu, na mafundi walikuwa wamechimba shimo la ethi, wakaweka mkaa na chumvi nyingi ili udongo ushike umeme vizuri. Kazi safi, tuliipima tukaipenda. Tuliporudi msimu uliofuata, mtu mmoja alikuwa anarushwa na umeme kila akigusa mlango wa chuma wa mashine. Kwenye shimo tulikuta alama za kwato tupu. Mifugo ya bonde zima ilikuwa imegundua kwamba serikali imewaletea chumvi. Walikuwa wamefukua na kulamba mpaka fimbo ikabaki inacheza kama jino bovu. Mzee Margwe alichota vumbi, likamwagika lote.

"Umeona," akaniambia. "Ethi ni ya kutunzwa. Ikiharibika haipigi kelele. Lazima pawepo na kitu kingine kinachopiga kelele."

Sasa nifike kwa Daudi. Daudi Amsi ana karakana Dongobesh, kando ya njia iendayo mnadani. Anachomelea, anakata chuma, anatengeneza mageti na mikokoteni, lakini kazi inayomjengea jina ni plau. Mvua za kwanza zikikaribia, wakulima wa vijiji vyote vya karibu wanamletea majembe yao ya ng'ombe yaliyovunjika, na wengi wanakuja na maksai wenyewe, wanayakokota yale majembe hadi mlangoni. Daudi ni mkubwa kwangu kwa umri, kwa hiyo shikamoo ni yangu kwake, ingawa alikuwa akiitikia huku ameshika nyundo. Alifunga RCD kwa sababu nilimlazimisha. Alinifahamisha hivyo kwa ufasaha.

Mwaka mmoja mvua zilianza vizuri mno. Sakafu ya karakana ikalowa, na RCD ikaanza kukata. Daudi anachomelea, inakata. Anawasha, anashika grainda ya kukatia chuma, inakata. Nje, wakulima wanatazama mawingu na kutazama majembe yao. Nyinyi mliozaliwa mijini hamuwezi kujua maana ya kukosa plau wiki ile ya kwanza. Mwenzako anapanda, wewe umekaa. Akanipigia simu.

"Mama, hii kitu yako inakata kila saa! Nimechoka nayo. Watu wamejaa hapa, wananiona mimi ni mwongo."

"Inakata kwa sababu kuna umeme unavuja, kaka Daudi. Usiiguse. Nipe mpaka kesho nije tuutafute."

"Kesho? Na leo nile nini?"

Gari letu siku ile lilikuwa Hanang. Na Daudi, kwa kubanwa vile, akamwita kishoka, mmoja wa wale mafundi wa mtaani wasio na ofisi wala woga. Kishoka akaiona shida mara moja: shida ni RCD. Akaitoa, akaunganisha nyaya moja kwa moja. Mashine zote zikawaka, watu wakashangilia, kishoka akala chakula cha mchana hapo hapo kama mgeni rasmi.

Nilifika kesho yake asubuhi na Mzee Margwe. Nje ya karakana watu walikuwa wamesimama kwa duara. Katikati alikuwa amelala maksai, mwekundu, mzuri, amekufa, nira bado iko shingoni. Mwenzake wa jozi alikuwa amekimbizwa pembeni, anatetemeka. Mwenye mali, Mzee Qamara, mkulima wa jirani, alikuwa amesimama na fimbo yake. Alikuwa ameleta plau kubadilishiwa ulimi, akafunga wanyama, akaingia ndani kusalimia.

Baadhi ya watu walikuwa wameanza kusema amelishwa kitu. Mzee Margwe akasalimia wote, mmoja mmoja, wakubwa kwanza. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Zima kwenye nguzo. Halafu tazama amefungwa wapi."

Nikapanda, nikazima, nikashuka, nikatazama. Alikuwa amefungwa kwa mnyororo kwenye fimbo ya ethi.

Msicheke. Hebu fikirini. Fimbo ya shaba imechimbiwa imara kando ya ukuta, imebaki juu kidogo, na mwanzoni haikuwa ikicheza. Kwa mtu aliyekuja na maksai wawili wakali, kile ni kigingi alichowekewa na Mungu. Baadaye nilipouliza niliambiwa wamekuwa wakifunga pale kwa misimu kadhaa. Tena wanyama walikuwa wanapapenda, maana shimo nalo lilikuwa na chumvi. Walilamba, walichimba, walivuta, mpaka fimbo haikuwa na udongo wa maana wa kuishika. Mimi nilikuwa nimefika pale kukagua mara nyingi, lakini siku za ukaguzi, watoto wakishapiga kelele zao, kila mtu alihamisha wanyama wake na kufukia shimo kwa heshima ya gari la serikali.

Ndani tukatafuta uvujaji wenyewe. Hatukutafuta sana. Waya mrefu wa grainda ulikuwa umeungwa katikati, na kiungo hakikufungwa kwa tepu ya umeme. Kilifungwa kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, ule ule ambao watu wa huku wanafungia mzigo, nira, mpini wa jembe na mlango wa banda. Ni kitu kizuri sana kwa mzigo. Lakini mpira ule ulikuwa umepasuka, umelowa, umelala kwenye matope juu ya kipande cha chuma kinachogusa fremu ya mashine ya kuchomelea. RCD ilikuwa inasema ukweli siku nzima. Ilipoondolewa, umeme ukapita kwenye chuma, kwenye waya wa ethi, kwenye fimbo isiyoshikwa na udongo, kwenye mnyororo, kwenye kwato zilizolowa. Breka ya kawaida ilikuwa imewaka, imetulia, haina habari.

Daudi aliposikia alikaa chini kwenye reli ya geti alilokuwa akilitengeneza. "Jana," akasema, "nilikuwa nimeegemea ile mashine."

Ndiyo hapo nilipoacha kumwona kama mtu mbishi. Nilimwona mtu aliyekuwa anataka kulisha watu wake wiki ya kwanza ya mvua, akakaribia kuwaacha bila baba.

Mzee Qamara akamgusa maksai wake kwa ncha ya fimbo. Alisema, "Huyu alikuwa wa kulia. Wa kushoto peke yake hawezi." Maksai wa jozi wanajua upande wao, na kumzoesha mwingine katikati ya msimu ni kazi ya jasho. Daudi akainuka, akaenda nyumbani kwake, akarudi akimkokota maksai wake mwenyewe wa kulia. Akaweka kamba mkononi mwa Mzee Qamara. Mzee alimpima mnyama kwa macho, akamgusa bega, akasema, "Mbegu zangu hazitasubiri. Lakini njoo na wewe na wako wa kushoto jioni, tupange zamu." Msimu ule mashamba mawili yalilimwa na jozi moja. Nililiona kwa macho yangu, na nawashukuru wote wawili kwa kunionyesha kwamba baada ya ajali watu wanaweza kufanya kitu kingine zaidi ya kulaumiana.

RCD tuliirudisha siku ile. Lakini Mzee Margwe alisema tusiondoke kama polisi. Tukabadilisha waya wa grainda wote, tukautundika juu usipite sakafuni. Tukatenganisha taa na soketi, ili RCD ikikata watu wasibaki gizani na mashine haijamaliza kuzunguka. Fimbo ya ethi tukaihamishia nyuma ya ukuta, tukaipigilia chini kabisa na kuifunika kwa kasha la zege, na Daudi mwenyewe akaizungushia miba. Mahali pa zamani akasimika kigingi cha mti, kinene, cha kufungia wanyama. Hilo la kigingi sikulifikiria mimi. Ukimwambia mkulima asifunge ng'ombe hapa, mwonyeshe afunge wapi.

Mzee Margwe alistaafu muda mfupi baadaye, kwa utulivu wake. Siku ya kumuaga aliniachia lile blanketi la mashine ya kupimia. Wengine walipewa hotuba. Nililitumia mpaka siku yangu ya mwisho kazini, na sasa liko ofisini kwenu. Atakayelitumia kufungia miguu gari likiwa baridi nitamsikia hata nikiwa Tabora.

Niliendelea peke yangu, Mbulu na baadaye Hanang. Gitting nilimkuta mwalimu mmoja, mtu msafi sana, aliyepaka karakana yake rangi mpya ukutani, na RCD nayo akaipaka, kitufe na vyote, ili ilingane na ukuta. Nilibonyeza T nikabonyeza rangi. Akaniambia, "Lakini mama, inapendeza." Ilipendeza kweli. Ilikuwa pia imekufa kabisa. Tukafunga nyingine, nikamsihi aache eneo lile bila uzuri. Kila mwezi abonyeze, ikikata aiwashe, isipokata aite fundi. Hiyo ndiyo ibada yote ya RCD, na haimchoshi mtu.

Mwezi wa mwisho kabla ya kustaafu nilizunguka kuaga. Dongobesh watoto wapya, sijui nani aliwarithisha, wakapiga kelele ile ile: "Mama Zima!" Nikawapungia mkono. Kwa Daudi kigingi kilikuwa bado kipo, kimelainika kwa kusuguliwa na kamba. Daudi amezeeka, mgongo umemshika, siku hizi anakaa kwenye benchi ndani na kutoa amri. Kazi yenyewe amemwachia binti yake, Fausta, aliyesomea kuchomelea chuo cha ufundi na kurudi nyumbani. Plau za Fausta watu wanasema zinadumu kuliko za baba yake. Daudi ndiye wa kwanza kulisema.

"Shikamoo, kaka Daudi."

"Marahaba. Kaa. Hujazima bado?"

"Tusalimiane kwanza."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akanyoosha kidole kwenye RCD, ambayo ilikuwa imefutwa vumbi, inang'aa peke yake kwenye ukuta mweusi wa moshi.

"Mvua hizi zilizopita ilikata," akasema. "Mimi nimekaa hapa hapa. Watu wamejaa nje na majembe yao, kama unavyowajua. Fausta yuko pale mlangoni na grainda, kumelowa. Kila kitu kikanyamaza. Mama, nilitukana. Nikasema hiki kidude cha yule mwanamke kimeanza tena. Nilitukana kwa kutosha. Nikainuka niende nikiwashe."

"Ukakiwasha?"

"Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Ndipo nikaona Fausta hajasogea. Anatazama kiganja chake. Waya ulikatwa na ncha ya bati, yeye akaushika pale pale penye jeraha. Nikamwuliza, vipi? Akaniambia, baba, kuna kitu kimeniuma." Daudi akapangusa magoti yake kwa viganja, akarudia tena. "Kimemuuma tu. Mimi nimesimama pale natukana, na mtoto wangu yuko hai mbele yangu, ananitazama anashangaa baba anamtukana nani."

Miaka yote nimefanya kazi ambayo ikifanikiwa hakuna kinachoonekana. Hakuna jeneza, hakuna kilio, hakuna mtu anayekuja ofisini kusema leo sikufa. Unabonyeza T, unapanda gari, unaitwa Mama Zima. Nilikuwa nimeshakubali kwamba nitastaafu bila kuonyeshwa hata mmoja.

Sauti ya mashine nje ikakoma. Mlangoni akasimama mwanamke kijana, mrefu, aproni ya ngozi kifuani, kioo cha kuchomelea amekipandisha juu ya paji la uso, jasho linamtiririka, masizi shavuni. Alipoona mgeni mkubwa amekaa na baba yake, akaweka kifaa chini kwanza, akafuta mkono wake wa kulia kwenye aproni, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

Nimeamkiwa mara nyingi katika wilaya hizi mbili, na nimeitikia kila moja bila kufikiri. Ile niliijaribu, haikutoka. Alisubiri pale pale, mkono ameunyoosha, kwa sababu hawezi kuondoka mpaka mkubwa aitikie. Nikaushika ule mkono. Ulikuwa wa moto.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Marahaba."